Maji ya maganda ya vitunguu: yanaongeza kinga au yanaizima?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima mdogo wa chai huku Rungwe, jirani na Tukuyu. Tangu kipindi cha korona nimejizoesha kuchemsha maganda ya vitunguu pamoja na chai ya kijani, nakunywa kila asubuhi kuongeza kinga. Majuzi pale stendi Mbeya niliuziwa kopo la vidonge, wameandika kwersetini miligramu 500. Mwanangu yuko kidato cha sita, anasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), akaniambia: baba, hii ni flavonoidi, na flavonoidi zinazuia vimeng'enya ambavyo seli nyeupe hutumia kuua vijidudu. Nimechanganyikiwa. Naongeza kinga au naiua? Halafu mama yangu ana gauti na anatumia alopurinoli, je, naye nimpe? Na mkwe wangu mjamzito anakunywa maji hayo hayo.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na kijana, maana amegusa jambo ambalo wauza vidonge wengi hawalijui, na wachache wanaolijua hawalisemi. Yuko sahihi kuhusu yanayotokea maabara. Ukichukua seli nyeupe za binadamu ukaziweka kwenye kisahani cha kioo, kisha ukamimina kwersetini, vile vimeng'enya vyao vya kuoksidisha hupungua nguvu. Hilo linajulikana tangu miaka ya 1980. Lakini kati ya kisahani na damu yako kuna utumbo na ini, na hivyo viwili vina lao la kusema.

Kwanza tuitazame seli anayoizungumzia. Inaitwa neutrofili, na kwa watu wazima wengi ndiyo nyingi kuliko seli nyeupe nyingine zote. Ikimeza bakteria, matumizi yake ya oksijeni hupanda ghafla. Watafiti waliliona hilo tangu 1933, wakalichukulia kuwa ni kuhema kwa ziada. Baadaye ikabainika kwamba oksijeni hiyo haiendi kutengeneza nishati. Inageuzwa sumu.

Kazi hiyo huanzwa na kimeng'enya kiitwacho NADPH oksidezi. Kinanyang'anya elektroni kutoka kwenye NADPH, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli, na kuzipachika kwenye oksijeni, inapatikana supaoksaidi. Kinachonifurahisha kila ninapofundisha hapa ni namna kinavyotunzwa: seli ikiwa imetulia, vipande viwili vimo kwenye utando na vingine vinne vinaelea ndani, jembe kona hii na mpini kona ile, ili mtu asijikate bure. Bakteria anapoingia, ishara hupita, kipande kiitwacho p47 hubandikwa fosfeti, hubadilika umbo, na vipande vyote hukutana kwenye utando. Baada ya hapo supaoksaidi hugeuka haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa famasi kwa ajili ya kusafishia vidonda. Halafu huja kimeng'enya cha pili, mieloperoksidezi. Hiki huichukua peroksaidi na kloridi, yaani sehemu ya chumvi ya kawaida iliyomo mwilini, kikatengeneza asidi ya haipoklorasi. Hiyo ndiyo kemikali inayoua vijidudu kwenye maji yaliyotiwa klorini. Neutrofili hujitengenezea yenyewe.

Usaha ukiuona una ukijani, sehemu ya rangi hiyo ni mieloperoksidezi yenyewe. Ina chuma ndani yake, na ni nyingi mno: hukadiriwa kufikia asilimia 5 ya uzito mkavu wa neutrofili.

Shida ni kwamba sumu hii haichagui. Ikivuja nje ya seli huunguza bakteria na nyama ya mwenye mwili kwa pamoja. Kwenye kiungo chenye gauti, kwenye mapafu yenye uvimbe wa muda mrefu, kwenye kuta za mishipa ya damu, sehemu ya uharibifu ni kazi ya neutrofili na ndugu zake makrofaji, seli nyingine zinazomeza vijidudu. Ndiyo sababu wanasayansi walianza kutafuta vitu vya kuvituliza vimeng'enya hivi. Walikuwa wanatafuta kitu cha kutuliza uvimbe, wala hawakuwa na habari ya kuongeza kinga. Hapo ndipo tangazo la stendi lilipopotoka: limechukua matokeo ya kutuliza, likayauza kama matokeo ya kuongeza.

Sasa flavonoidi. Ni kundi la maelfu ya kemikali za mimea zenye kaboni 15 zilizopangwa katika pete tatu. Mmea huzitumia kujikinga na jua kali na wadudu, na baadhi ndizo rangi za maua na matunda. Kitunguu chekundu kina kwersetini, jani la chai lina katekini, majani ya figili-maji na pilipili hoho yana luteolini. Zinazosumbua zaidi vimeng'enya vya neutrofili, kwa kawaida, ni zile zenye vikundi viwili vya haidroksili vilivyokaa jirani kwenye pete ya pembeni. Kwersetini na luteolini zinavyo. Apijenini, ambayo ina kimoja tu, mara nyingi huwa dhaifu zaidi.

Wewe mkulima wa chai unaweza kuliona jambo hili bila darubini. Chuma majani mawili na chipukizi, yasugue viganjani mpaka yatoe maji, kisha yaache juu ya sahani. Katika muda wa saa moja hivi ukijani utakuwa unageuka rangi ya shaba na harufu itabadilika, kutoka ya majani mabichi kuja ile ya kiwandani. Ndani ya jani katekini na kimeng'enya cha kuoksidisha hukaa vyumba tofauti. Ulipoyasugua ulibomoa kuta, vikakutana kwenye oksijeni. Katekini zilitoa elektroni zao, zikaungana, zikawa theaflavini na jamaa zake wekundu. Chai ya kijani hupitishwa kwenye moto au mvuke mapema ili kimeng'enya kife kabla hakijafanya hivyo. Wepesi huo huo wa kutoa elektroni ndio unaozifanya flavonoidi zijiingize kwenye shughuli za neutrofili.

Zinajiingiza kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza, flavonoidi hudaka supaoksaidi iliyokwisha kutengenezwa. Kimeng'enya chenyewe hakijaguswa. Njia ya pili ni kukata ishara, ili vipande vya NADPH oksidezi visikutane. Kwersetini huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyopeleka ishara hiyo, kiasi kwamba 1994 watafiti wa dawa nchini Marekani walitangaza kemikali LY294002 waliyoiunda kwa kurekebisha umbo la kwersetini, na maabara bado zinaitumia kuzima kimojawapo, PI3 kinezi. Njia ya tatu inahusu mieloperoksidezi: flavonoidi huipa elektroni zake yenyewe, kimeng'enya kikashughulika nazo badala ya kushughulika na kloridi, na asidi ya haipoklorasi ikapungua.

Mwambie kijana ajihadhari na kitu kimoja anaposoma makala za zamani. Vipimo vingi vya NADPH oksidezi havipimi kimeng'enya chenyewe, vinapima supaoksaidi inayotoka, kwa rangi ya saitokromu au kwa mwanga wa luminoli. Kitu kinachodaka supaoksaidi kitaonekana kimezuia kimeng'enya hata kama hakijakigusa. Tena kwersetini inaweza kuibadilisha saitokromu moja kwa moja, ikavuruga hesabu. Kwa hiyo si kila penye neno "huzuia" pamezuiwa kitu. Mwaka 2008 kuna kazi nzuri iliyofanywa kwenye seli za ukuta wa mishipa ya damu: epikatekini, ambayo ni ndugu wa zile za kwenye chai, yenyewe ilikuwa mdakaji tu, ila ilipobandikwa kikundi cha methili, jambo ambalo mwili hufanya, ndipo ikawa kizuizi cha kweli cha NADPH oksidezi. Yaani tunachokula na kinachofanya kazi huweza kuwa vitu viwili tofauti.

Hapo tumefika kwenye utumbo na ini.

Kwenye kisahani, watafiti wengi hutumia kwersetini ya mikromoli 10 hadi 100 kwa lita. Ukila sahani ya vitunguu, kwenye damu yako kiwango cha juu kabisa mara nyingi hakifiki mikromoli 1, na karibu yote si kwersetini huru. Ukuta wa utumbo na ini huibandika asidi ya glukuroniki au salfeti ili itolewe kwa mkojo, na inayobaki hung'ang'ania albumini, protini ya damu. Neutrofili inayoelea kwenye mshipa wako saa tatu asubuhi, baada ya kikombe chako cha maganda, inakutana na kiasi kidogo sana cha kile kilichomiminwa kwenye kisahani.

Na kwamba kitu kimesafishwa kikawekwa kwenye kidonge haina maana kinaingia vizuri zaidi. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi waliwatumia watu wenye afya ambao utumbo wao mpana ulikwisha kuondolewa, mabaki ya chakula yakawa yanatoka kwenye mfuko tumboni. Kwa hiyo kisichofyonzwa kingeweza kupimwa mle mfukoni. Walikadiria kwamba kwersetini ya kwenye vitunguu, ambayo imeshikana na glukosi, ilifyonzwa kwa asilimia 52. Ile tupu isiyoshikana na kitu ilikuwa asilimia 24. Rutini, iliyoshikana na sukari ya aina nyingine, asilimia 17. Kitunguu kikashinda. Vidonge vingi vinavyouzwa huwa na ile tupu. Baba, ungeshuka tu pale Ruaha Mbuyuni ukanunua gunia la vitunguu vyekundu barabarani, ungekuwa umefanya biashara nzuri zaidi.

Ila nisiseme kwamba hakuna kinachotokea, kwa sababu kuna jambo moja hapa ambalo mimi naliona ndilo la maana kuliko yote. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba neutrofili za binadamu zikichokozwa hutoa nje kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidezi, na kimeng'enya hicho hung'oa ile asidi ya glukuroniki iliyobandikwa kwenye luteolini. Luteolini inakuwa huru tena, palepale penye uvimbe. Miaka michache baadaye jambo linalofanana na hilo lilionekana kwa makrofaji na kwersetini. Maana yake ni kwamba flavonoidi inaweza kuzunguka kwenye damu ikiwa imefungwa, haimsumbui mtu, kisha ikafunguliwa mahali ambapo seli nyeupe zimewaka. Kama vitunguu na chai vina faida kwenye uvimbe, mimi ningeitafuta huko, kwenye viwango vidogo vya miaka mingi ya kula, kuliko kwenye dozi moja kubwa ya asubuhi.

Sasa lile kubwa: je, unaiua kinga? Hapana. Kuna watoto wanaozaliwa na NADPH oksidezi mbovu. Ni ugonjwa adimu wa kurithi, na wanaougua hushambuliwa mara kwa mara na bakteria kama stafilokoka na ukungu kama asperjilasi, wanapata majipu ya ini na ya mapafu. Hiyo ndiyo picha ya kinga iliyonyimwa kimeng'enya hiki. Lakini tazama wanawake wanaobeba jeni hiyo: wapo ambao ni neutrofili moja tu kati ya tano inayofanya kazi sawasawa, na kwa kawaida hawapati maambukizi hayo makali. Mwili una akiba kubwa. Kitunguu na chai haviwezi kukusogeza karibu na mpaka huo.

Je, unaiongeza? Hapo pia jibu langu ni hapana, kwa ushahidi tulio nao. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 1,002 nchini Marekani. Wengine walipewa kwersetini miligramu 500 kwa siku, wengine 1,000, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 12. Mafua na maambukizi ya njia ya juu ya hewa hayakutofautiana kati ya makundi. Walipochambua zaidi waliona nafuu fulani kwa wenye miaka 40 na zaidi waliojitaja kuwa wakakamavu, na waliokuwa wakitumia 1,000. Mimi matokeo ya kuchambua-chambua namna hiyo huyaheshimu kwa mbali. Ukikata kundi vipande vingi vya kutosha, hakosekani mmoja wa kukufurahisha.

Kuhusu mama. Gauti inahusika moja kwa moja na mazungumzo yetu, kuliko hata mafua. Uriki asidi ikizidi hutengeneza fuwele kwenye kiungo. Makrofaji huzimeza, hupiga kelele kwa kutoa intalukini-1, na neutrofili humiminika kwa wingi. Ule moto wa kidole gumba cha mguu usiku ni wao. Uriki asidi yenyewe hutengenezwa na kimeng'enya kingine cha kuoksidisha, zanthini oksidezi, ambacho huzaa supaoksaidi pia wakati wa kazi yake. Alopurinoli anayotumia mama hukizuia hicho. Kwersetini nayo hukizuia maabara, na hapa kuna ushahidi mdogo kwa watu: mwaka 2016 wanaume 22 wenye uriki asidi iliyopanda kidogo walitumia miligramu 500 kwa wiki nne, ikashuka kwa kiasi cha wastani. Hawakuwa wagonjwa wa gauti. Watu 22 hawatoshi kumwachisha mama dawa inayofanya kazi hiyo hiyo kwa uhakika zaidi na ambayo dozi yake inaweza kurekebishwa. Daktari wake anaipima uriki asidi na kuitafutia ishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita. Vidonge vya stendi vikiingia katikati, hatajua kipi kimefanya nini. Asivitumie. Cha kumsaidia, kama bado yumo, ni kupunguza kimpumu na bia, maana pombe za nafaka hupandisha uriki asidi, na kupunguza maini na supu ya utumbo. Maji anywe ya kutosha.

Kwa kuwa watu hupenda kuniambia "ni mimea tu, haina madhara", nitaje kolchisini. Ndiyo dawa inayozifunga neutrofili miguu zisikimbilie kwenye kiungo chenye gauti, na inatoka kwenye mimea. Ua linaloitwa kitaalamu Gloriosa superba, lenye petali nyekundu na manjano zilizojikunja juu, huota lenyewe hapa Afrika Mashariki, na kiazi chake kina kolchisini ya kutosha kumuua mtu. Si flavonoidi, ila ni mmea.

Vidonge vyako mwenyewe viache, hasa kama kuna dawa nyingine ya kila siku unayotumia, iwe ARV, ya kifafa au ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu dozi kubwa za flavonoidi huweza kuingiliana na njia zile zile mwili unazotumia kushughulikia dawa. Kama umeshaanza kuvitumia, mwonyeshe mfamasia kopo. Na likija lile kopo jingine, la chai ya kijani iliyokamuliwa, ujue kwamba mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba miligramu 800 na zaidi kwa siku za EGCG, katekini kuu ya chai, zikitumiwa kama vidonge, zimehusishwa na dalili za ini kuumia. Chai ya kikombe ni salama. Hesabu hiyo inahusu vidonge.

Maganda nayo yana mambo yake. Ni kweli ganda kavu lina kwersetini nyingi kuliko nyama ya kitunguu, lakini ni ile tupu, isiyopenda maji, na rangi nzuri unayoiona kwenye sufuria haikuambii imeyeyuka kiasi gani. Ganda ndilo pia linalobaki na dawa ya kunyunyizia shambani, na ndipo ule ukungu mweusi unaofanana na masizi hukaa. Ukiupenda mchuzi wake, osha vizuri na tupa yenye weusi. Kinachofaa zaidi ni kumenya kwa huruma: tabaka za nje kabisa za nyama ya kitunguu ndizo zenye kwersetini nyingi, na wengi wetu huzitupa pamoja na ganda. Ukichemsha kitunguu, sehemu yake huhamia kwenye maji, basi mchuzi usimwage. Ukikaanga hupotea kiasi, si yote.

Mkwe wako ndiye ninayemfikiria zaidi. Vidonge vya kwersetini asiguse, havijapimwa vya kutosha kwa wajawazito. Na chai, ya kijani au ya rangi, asinywe pamoja na chakula, kwa sababu polifenoli zake, yaani katekini na jamaa zake, hukamata madini chuma ya kwenye maharage na mboga za majani yakiwa bado tumboni, yakapita bila kufyonzwa. Vivyo hivyo FEFO, vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki anazopewa kliniki, asizimezee chai wala hayo maji ya maganda. Azimeze kwa maji ya kawaida, na chai aisubirishe saa moja au zaidi baada ya kula. Akikamulia limau kwenye mboga, chuma kitafyonzwa vizuri zaidi.